Alama za juu za saikotisizimu si cheti cha wazimu

SWALI: Shikamoo daktari. Kwenye usaili wa kazi tulijazishwa dodoso la haiba, nikaambiwa alama zangu za saikotisizimu ziko juu. Mjomba anasema niwahi Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Kuna mtu mtandaoni anadai atazishusha kwa vikao vitatu. Je, naelekea kuwa kichaa?

JIBU: Marahaba. Hapana. Mjomba mwambie atulie, na huyo wa vikao vitatu usimpe hata shilingi.

Wanasaikolojia Hans Eysenck na mkewe Sybil, waliotoa dodoso lao la haiba lenye alama za saikotisizimu mwaka 1975 huko Uingereza, waliamini kuna mstari mmoja unaoanzia kwa mtu mpole na kuishia kwa mgonjwa wa saikosisi, yaani aliyepoteza mguso na uhalisia. Imani hiyo haikusimama. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watu kwa miaka 10, ukachapishwa 1994, ulikuta wenye alama za juu hawakuugua saikosisi kuliko wengine. Kinachopimwa pale hasa ni ukavu wa moyo, ubishi, kutojali taratibu na kukurupuka.

Tazama maswali yenyewe. Moja linauliza kama kudaiwa kunakusumbua. Jingine, kama usiku unafunga nyumba kwa uangalifu. Kijana wa hosteli aliyezoea mikopo ya simu keshajizolea alama hapo! Na kwa kuwa watu wengi hupata chache mno, majibu mawili matatu yanatosha kukutoa kundini.

Halafu kuna mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, DSM-5, unaotumia jina hilohilo kwa jambo lingine: imani na hisi zisizo za kawaida. Wapo wanaopima kwa dodoso la Eysenck kisha wanakusomea maelezo ya DSM. Muulize aliyekupima ametumia lipi. Akibabaika, umeshapata jibu.

Hawa wauza vipimo vya WhatsApp wananichosha, maana wanawatia hofu wazima huku wagonjwa wakisahaulika. Anayesikia sauti, asiyelala, aliyeacha kuoga, anayeapa kuwa majirani wamemtegea vinasa sauti, huyo haji kwangu na karatasi ya alama. Analetwa baada ya kuzungushwa kwa waganga miezi kadhaa, mara nyingine na michubuko ya kamba kwenye vifundo vya mikono. Ukiona dalili hizo kwa mtu wa nyumbani, mpeleke kliniki ya afya ya akili wiki hiyohiyo, wala usihangaike kumjazisha dodoso.