Dume mmoja bora hatoshi: kulinda mbegu ya ng'ombe wa Mpwapwa

SWALI: Shikamoo daktari. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa vijiji vitatu mkoani Dodoma. Ukijumlisha mazizi yote tuna majike wa Mpwapwa wapatao 90, lakini madume wanaopanda ni wawili tu, nao ni watoto wa baba mmoja. Mama wa mmoja wao alikuwa na maziwa kupita ng'ombe wote, hivyo wenzangu wanataka tubaki na huyo, mwingine tumpeleke mnadani, na vidume wote wahasiwe wawe maksai. Wengine wanasema tulete Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, ili tuachane na habari ya ndugu kupandana. Siku hizi mitamba inachelewa kushika mimba na baadhi ya ndama wanazaliwa dhaifu. Tufanyeje ili mbegu hii isitupotee?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, msimpeleke dume huyo mnadani, na koleo la kuhasi liwekwe pembeni mpaka mjue ni vidume gani wanabaki.

Mfugaji akiulizwa kama mbegu yake iko salama, huhesabu majike. Majike 90 ni mtaji mzuri, tena kwa ng'ombe aliyebaki wachache kama huyu. Lakini kila ndama huchukua nusu ya jeni zake kwa baba. Maana yake madume wenu wawili, peke yao, wanatoa nusu ya urithi wa kizazi chote kijacho, na majike 90 wanagawana nusu iliyobaki.

Kuna hesabu fupi tunayoitumia. Zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya madume na majike. Kwenu ni 4 × 2 × 90, gawanya kwa 92: unapata karibu 8. Kundi lenu la ng'ombe 92 linapoteza utofauti wa jeni kwa kasi ya kundi la ng'ombe 8, na undugu ndani yake unaongezeka kwa zaidi ya 6% kila kizazi. Mkibaki na dume mmoja, 8 inashuka kuwa 4, na kasi inakaribia 13%. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linashauri namba hiyo isiwe chini ya 50, yaani undugu usiongezeke kwa zaidi ya 1% kwa kizazi. Na hesabu hii inachukulia kwamba madume si ndugu. Wenu ni ndugu, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi.

Undugu unadhuru kwa njia moja hasa. Kila ng'ombe, hata aliye bora, amebeba jeni kadhaa mbovu ambazo hazionekani kwa sababu ana nakala nzima ya kuzifunika. Dume akimpanda binti yake, katika kila jeni ndama ana uwezekano wa 25% wa kupata nakala mbili zilizotoka kwa babu mmoja yule yule. Akimpanda dada yake wa baba mmoja, ni 12.5%. Hapo ndipo ubovu uliojificha unapojitokeza: mimba kutoka, ndama dhaifu, mitamba kuchelewa.

Na ubora wa dume hauzuii hilo. Marekani alikuwapo dume wa Holstein, jamii moja na Friesian, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Alizaa mabinti wapatao 16,000, na maziwa yao yaliwapa wafugaji fedha nyingi sana. Miongo kadhaa baadaye ikagundulika kwamba alikuwa na kasoro katika jeni iitwayo APAF1: kijusi kikiirithi kwa baba na kwa mama, hufia tumboni. Watafiti wamekadiria kuwa mimba 500,000 hivi zilipotea duniani kwa sababu hiyo. Holstein wapo kwa mamilioni, waliweza kubeba hasara ile. Nyinyi mna 90.

Sasa Friesian. Najua mtu atasema Mpwapwa mwenyewe ni mchanganyiko, basi kuna ubaya gani kuongeza damu nyingine? Ni kweli alitengenezwa pale Mpwapwa tangu enzi za ukoloni kwa Red Sindhi, Sahiwal, zebu wetu wa Tanzania, Boran na damu kidogo ya Ayrshire. Lakini mchanganyiko ule ulichujwa kwa miongo mingi katika ukame wa kanda ya kati, ukabaki na ng'ombe anayetoa maziwa na nyama bila kudai malisho ya mabonde yenye mvua. Dume wa Friesian akitumika kizazi baada ya kizazi, ndama wa kizazi cha tatu ana damu ya Friesian 87.5%. Undugu mmeuondoa, na Mpwapwa mmemwondoa pia. Familia inayohitaji maziwa ya haraka inaweza kupandisha jike mmoja au wawili, haikatazwi. Ila chotara hao wavalishwe hereni za rangi tofauti na wasirudi kwenye koo la Mpwapwa halisi.

Ninachowashauri ni madume sita kwa wakati mmoja, wawili kila kijiji. Dume apande kwa miaka miwili hivi, kisha aondoke kabla mabinti zake wa kwanza hawajaanza kuingia kwenye joto, na nafasi yake ichukuliwe na kijana. Mkibadilisha hivyo, katika miaka sita, yaani karibu kizazi kimoja cha ng'ombe, mtakuwa mmetumia madume 18. Ingizeni 18 kwenye hesabu ile ile: inatoka 60. Vijana waende kwa mzunguko mmoja usiobadilika, waliozaliwa kijiji cha kwanza wapande cha pili, wa cha pili wapande cha tatu, wa cha tatu warudi cha kwanza. Majike wasihame.

Katika kuchagua, kila dume aache mtoto mmoja wa kiume wa kumrithi, aliye bora kati ya watoto wake mwenyewe. Mkichukua vidume wote kwa yule jike mwenye maziwa mengi, mmerudi pale pale. Yeye atoe mmoja, majike wengine nao watoe.

Kwa kuwa mnaanza na baba mmoja, damu mpya ya Mpwapwa lazima itoke nje ya kikundi. Nendeni kituo cha TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) Mpwapwa mkaulizie madume, au kubadilishana. Ulizeni pia kuhusu kuvuna mbegu (manii) za madume wenu ili zihifadhiwe kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi −196. Zikitunzwa vizuri hukaa miongo mingi, na kituo cha taifa cha uhimilishaji (kupandisha kwa mirija ya mbegu), NAIC, kule Usa River, Arusha, ndiko kazi hiyo inakofanyika. Lakini mirija ya mbegu si mbadala wa zizi. Ng'ombe wa Mpwapwa wakiisha, kuwarudisha kwa mbegu peke yake kwa kupandisha majike wa aina nyingine kunahitaji vizazi vitano ili kufikia 97%, karibu miaka 30.

Kabla dume hajavuka kijiji apimwe bruselosisi (ugonjwa wa kutupa mimba) na magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, hasa trikomona. Hili msilichukulie kirahisi. Dume mmoja mgonjwa kwenye mzunguko kama huu atatupisha mimba vijiji vyote vitatu. Huenda hata uchelewaji mnaouona sasa una mkono wa bruselosisi au upungufu wa madini, kwa hiyo bwana mifugo achukue damu ya mitamba hiyo pia. Si kila kosa ni la undugu.

Mwisho, daftari. Kila ndama aandikwe namba ya hereni, mama, baba na tarehe. Ambaye baba yake hajulikani, ng'oeni nywele 20 au 30 za mkia, zitoke na vishina vyake, zikauke, zitiwe kwenye bahasha ya karatasi yenye namba yake. Maabara ya vinasaba itasoma undugu wake kutoka kwenye vishina hivyo. Anzeni na vidume ambao bado hawajahasiwa. Orodhesheni wote, umri na mama zao, kisha niandikieni tuchague sita wa kwanza kabla ya mnada ujao.