Re: Macho yanawasha nikiosha vizimba vya panya, je, barakoa inatosha?

Pole sana, ndugu. Umesema macho yanawasha ukiosha vizimba, na tena wenzako wakimimina fomalini (maji ya kuhifadhia sampuli, yenye fomaldehaidi), na msimamizi amekupa barakoa ya hospitali. Haitoshi. Barakoa hiyo haizuii mvuke hata kidogo. Fomalini inataka kufanyiwa kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na kinga ya uso iwe na kichujio cha mvuke. Usilichukulie kwa wepesi: fomaldehaidi inasababisha saratani kwa binadamu.

Kwenye vizimba, kinachowasha yaelekea ni amonia ya mkojo uliolowa kwenye maranda. Toa maranda yote, suuza kwa maji mengi, ndipo uweke dawa. Tafadhali usimwage jiki juu ya mkojo, hutoa gesi inayounguza mapafu.

Kama mnalaza panya kwa isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, angalia ile kopo ya mkaa inayonasa mvuke. Ipimeni kwenye mizani ikiwa mpya, muandike uzito ubavuni kwa kalamu, kisha mpime kila mara kabla ya kuitumia. Uzito ukiongezeka hadi kiasi kilichowekwa na mtengenezaji, imeshiba, na mvuke unawaingia nyinyi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga vinavyofaa. Andika barua, ubaki na nakala. Na mkiwa wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama. Wapelekee hao kwanza.