Re: Kocha kachukua ubingwa juzi tu, mbona anafukuzwa?

Mkuu, umeuliza inakuwaje vyuo vya Marekani vinamtimua kocha wa futiboli yao aliyewapa kombe juzi tu. Kule kombe la jana halikulindi. Ed Orgeron, kocha wa LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana), msimu wa 2019 alishinda mechi zote 15 akabeba ubingwa. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba msimu ukiisha anafungasha virago. Hela za kuvunja mkataba hazisumbui, matajiri waliosoma hapo wanachanga. Texas A&M walimpiga chini kocha wao Jimbo Fisher Novemba 2023, wakabaki kumlipa zaidi ya dola milioni 75. Jumamosi kashinda 51-10, Jumapili hana kazi! (Kwa kiinua mgongo hicho, hata mimi nifukuzeni.)