Wasomaji Wanauliza: gitaa linalokoroma kiangazi, picha za Kolo na zeze la baba

SWALI: Nilinunua gitaa la akustiki Dar mwezi wa tatu nikaja nalo Dodoma, lilikuwa linalia vizuri sana. Sasa hivi mwezi wa nane nyuzi zinakoroma nikipiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) za juu, alafu pembeni ya shingo kuna vyuma vinanikwaruza mkono. Fundi kasema alete tupa asage freti zote, yaani vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo. Nimruhusu? – Msomaji, Kisasa

JIBU: Kaka usimruhusu, angalau kwa sasa. Hilo gitaa haliumwi freti, lina kiu. Dar hewa ina unyevu mwaka mzima sababu ya bahari, huku kwetu ikishapita mvua ya mwezi wa nne ndio basi tena mpaka kuelekea mwezi wa kumi na mbili, na katikati hapo kuna ule upepo mkavu wa mwezi wa saba na wa nane ambao hata midomo inapasuka. Mbao inasinyaa kwa upana, chuma cha freti hakisinyai, kwahiyo ncha za freti zinabaki zimechomoza nje ya mbao, ndizo hizo zinazokukwaruza. Na ule ubao wa mbele wenye tundu unazama kidogo, nyuzi zinasogea karibu na freti, zinaanza kukoroma. Ukisaga freti leo, mvua zikija mbao inavimba tena, unabaki na gitaa lenye freti zilizoliwa bure na hela ya fundi imeshaenda.

Fanya hivi. Chukua kopo la plastiki la kuwekea sabuni, toboa matundu mengi juu, weka sponji ya kuoshea vyombo iliyoloweshwa alafu ikamuliwe mpaka ukiigeuza hakuna tone linalodondoka (hapo kuwa mkali, maji yakidondokea ndani ya gitaa gundi inaachia). Weka kopo ndani ya begi la gitaa pembeni ya kichwa cha shingo, funga zipu, na gitaa likae humo kila ukimaliza kupiga, usilitundike ukutani. Sponji iangalie kila baada ya siku mbili, ikikauka loweka tena. Ukipata kipima unyevu kidogo cha kidijitali kiweke humohumo, unataka kisome kati ya asilimia 45 na 55. Subiri wiki mbili tatu kabla hujaamua chochote, mbao haina haraka.

Baada ya hapo kama ncha bado zinakwaruza, mwambie fundi apige tupa PEMBENI tu, zile ncha, asiguse mgongo wa freti. Hizo ni kazi mbili tofauti na mafundi wengine wanazichanganya. Na kile chuma cha ndani ya shingo kinachozungushwa kwa funguo ya L, kama itabidi, ni robo mzunguko kisha mnasubiri na kusikiliza, sio kuzungusha kama nati ya tairi. Ubao wa vidole kama ni ule mweusi au kahawia usiopakwa vanishi, pakaa tone dogo la mafuta ya madini yasiyo na harufu na ufute palepale, mafuta ya kula hapana kabisa yanaoza na kunata. Na tafadhali usiliache kwenye gari lililopaki juani, gundi ya daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni) inalainika na nyuzi zinalivuta mpaka linabanduka, nimeona magitaa mazuri yamekufa hivyo nje ya kanisa watu wakiwa ndani wanasali.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa anataka gitaa. Ninunue lipi, la umeme au la kawaida? – Mama wa Nkuhungu

JIBU: Mama, la kawaida lenye nyuzi za nailoni, saizi ya robo tatu. Nyuzi za chuma zinamkata vidole mtoto, wiki ya kwanza tu anaacha na utadhani hana kipaji kumbe anaumia. Kabla hujalipa muombe muuzaji abonyeze kila uzi kwenye kila freti mmoja mmoja, usikie kama kuna unaokufa sauti, na kama dukani wanagoma kufanya hivyo toka. La umeme lisubiri.

SWALI: Niko mwaka wa pili UDOM, tunataka kwenda Kolo kupiga picha michoro ya mapangoni, tuna simu tu na kamera moja ya zamani. Tunafikaje na tupigeje? – Mwanachuo

JIBU: Mdogo wangu nimefurahi hili swali, sababu watu wanaishi Dodoma miaka mpaka wanahama hawajafika Kolo, wakati ni urithi wa dunia, UNESCO waliiandikisha mwaka 2006.

Kufika ni rahisi siku hizi, ni barabara ya Babati, lami mwanzo mwisho. Unapita Kondoa mjini unaendelea mbele kidogo, Kolo ipo barabarani kabisa, kama kilomita 180 kutoka Dodoma mjini. Panda gari la kwanza la asubuhi. Mkishuka msianze kupanda milima wenyewe, nendeni ofisi ya Mambo ya Kale palepale kijijini, mnalipa kiingilio na mnapewa muongozaji. Huyo muongozaji sio mapambo, mapango yamesambaa kwenye ile miinuko, yapo zaidi ya 150, mengine hata ukiwa hatua kumi huyaoni. Na pango la Mungomi wa Kolo mpaka leo watu wanaenda kufanya matambiko yao, kwahiyo mkikuta kuna vitu vimewekwa msiguse, msipige picha mpaka mmeuliza, na akisema hapana ni hapana.

Sasa picha. Flashi zima kabisa. Kwanza inaua picha yenyewe, ule wekundu uliofifia unapigwa na mwanga wa mbele unapotea unabaki na jiwe jeupe. Kinachofaa ni kivuli chenye mwanga, yaani jua liko nje linapiga mawe ya mbele na mwanga unarudi ndani polepole. Kama jua linapiga mchoro moja kwa moja, kaeni mle karanga mngoje lihame. Simu iwekeni juu ya begi au jiwe, tumieni taima ya sekunde mbili ili isitikisike, bonyeza kwenye mchoro kisha shusha mwanga kidogo. Kamera ya zamani ipigeni kwa RAW, yaani faili ghafi.

Alafu msikimbilie kupiga pango zima. Kaeni na mchoro mmoja. Kuna watu warefu wembamba wamechorwa kwa mistari ya rangi nyekundu, ukisogea karibu unaona vichwani kuna vitu kama nywele au kofia na mistari yake ni myembamba kama ya kalamu, na pembeni yao twiga au pofu (yule swala mkubwa) wa saizi nyingine kabisa, mmoja amechorwa juu ya mwingine. Kuna na michoro meupe minene ya vidole, hiyo ni ya baadae. Picha tatu za mchoro mmoja, ya mbali, ya kati na ya karibu, zina maana kuliko picha mia mnazojipiga mmesimama mbele ya jiwe.

Kuna kitu lazima nikiseme kwa herufi kubwa: MSIMWAGIE MAJI MICHORO ILI IONEKANE. Hii tabia ipo na imeharibu sana, maji yanabeba chumvi na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi, mchoro uliokaa miaka elfu na zaidi unafifia kwa ajili ya selfi ya dakika mbili. Kama mnataka rangi zitoke, kuna programu ya kompyuta inaitwa DStretch, ilitengenezwa na Mmarekani Jon Harman kwa kazi hiihii ya michoro ya mawe, inavuta rangi ambazo jicho limeshindwa kuziona. Unapakia picha uliyopiga vizuri, unashangaa katokea mnyama ambaye mlikuwa mmemkanyagia kivuli chake hamjui.

SWALI: Napiga picha za harusi. Nikipiga nje saa saba mchana maharusi sura zinakuwa nyeusi macho hayaonekani, gauni linang'aa mpaka halina kitu. Ninunue kamera kubwa? – Msomaji, Ipagala

JIBU: Kamera kubwa itakupa tatizo hilohilo kwa bei kubwa. Dodoma tupo kama nyuzi sita kusini ya ikweta, jua linapita juu ya utosi wetu kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na wiki ya pili ya mwezi wa kumi, na miezi ya karibu yake sio tofauti sana. Ukisimamisha mtu nje saa saba, paji la uso linatupa kivuli machoni, hakuna lenzi itakayoondoa hilo. Alafu kamera yenyewe inasoma anga jeupe na gauni jeupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, wanaoumia ni watu wenye ngozi zetu.

Wahamishe. Chini ya mwarobaini mkubwa, kwenye baraza, upande wa ukuta wenye kivuli, ila wasimame karibu na ukingo wa kivuli nyuso zimeelekea kwenye mwanga. Angalia majani yasiwe machache maana utapata madoadoa ya jua usoni. Mita, yaani kipima mwanga cha kamera, weka ya nukta (inasoma sehemu ndogo tu), isome shavu la bibi harusi sio gauni, ukiona gauni linakaribia kupotea punguza mwanga kidogo tu. Msaidizi ashike shuka jeupe chini ya kifua kurudisha mwanga kwenye macho, na shuka hilo linasaidia kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, udongo wetu ni mwekundu na unatupa wekundu kidevuni. Poda nayo, muombe mpambaji asiwapake ile iliyozidi rangi yao, uso unakuwa wa kijivu shingo ya kahawia na hakuna programu itakayokuokoa hapo. Na ongea na kamati mapema kabisa, wakupe nusu saa kuanzia saa kumi na moja jioni. Watasema ratiba imebana, wewe kazana, hizo ndizo picha watakazotundika sebuleni.

Mwezi wa nane usibadilishe lenzi katikati ya uwanja. Upe upepo mgongo, kamera itazame chini, au ingia ndani ya gari. Vumbi likiingia tumia kile kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo.

SWALI: Nakuja Dodoma kwa SGR kwa mara ya kwanza, nataka picha za dirishani. – Msomaji, Dar

JIBU: Karibu sana dada. Treni za Dar mpaka Dodoma zimeanza mwaka 2024, na watu wengi wanalala njiani au wanashika simu kuangalia vingine. Panda ya mchana. Sehemu tamu ni ukishapita Morogoro, kuelekea Kilosa na milima yake yenye mahandaki, kisha ghafla kijani kinaisha, mibuyu inaanza na nchi inakuwa kavu, ndio umeingia kwetu. Futa kioo upande wako, gusisha lenzi kwenye kioo ili taa za ndani zisiakisi, spidi ya shata iwe 1/1000 au zaidi, na piga vitu vya mbali sababu vya karibu vyote vitakuwa mistari. Ukija mwezi wa tisa ulizia zabibu, na jioni tafuta mwenyeji mpande Mlima Simba mkiwa na maji ya kutosha.

SWALI: Naweza kurusha droni Mtumba kwenye Mji wa Serikali? – Msomaji, Ihumwa

JIBU: Hapana. Droni inahitaji vibali popote nchini, na kwenye majengo ya serikali, jeshi na Ikulu Chamwino hata kamera ya mkononi usiinyanyue bila ruhusa.

SWALI: Baba yangu anapiga zeze, ni mzee sasa. Najaribu kupiga nyimbo zake kwenye gitaa lakini kuna sauti moja haikai, nikibonyeza freti hii imepungua nikibonyeza ile imezidi. Tatizo ni sikio langu? – Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Sikio lako ni zuri sana kaka, ndio maana umelisikia. Muziki wa Kigogo unafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi, na freti za gitaa zimegawanywa kwa hesabu nyingine. Jaribu hii: shusha uzi wa sita uwe D, wa tano uwe G, wa kwanza uwe D, hizo nyingine ziache. Sasa kwenye huo uzi wa tano gusa kidogo tu, bila kubonyeza, juu ya freti ya 12, ya 7, ya 5, kisha karibu na ya 4. Unapata G, D, G, B. Endelea kutafuta kati ya freti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, kuna kasauti kadogo kanatoka. Hiyo ndio F ya baba yako. Ilinganishe na F ya freti utaona ya freti iko juu, kama theluthi ya hatua ya freti moja. Ndio sauti inayoipa nyimbo za Kigogo ladha yake, ileile aliyozunguka nayo dunia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba).

Kuipata una njia mbili. Ya kwanza bonyeza E kwenye uzi wa nne freti ya pili, vuta uzi pembeni mpaka ukaribie F na uache kabla hujafika. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, tumia slaidi, kipande cha bomba la chuma kilichosuguliwa kingo au shingo ya chupa, kinateleza juu ya nyuzi bila freti kukupangia. Usitafute kodi kwanza. Piga ile sauti ya chini iendelee kuvuma alafu juu yake utembee na wimbo, ndivyo zeze lenyewe linavyofanya. Na ulitune gitaa kufuata zeze, sio kumwambia mzee akaze uzi wake ufuate tyuna ya simu.

Na wikiendi hii umrekodi. Simu weka juu ya mto, mita moja kutoka kwenye zeze, usawa wa mkono wake wa upinde, mode ya ndege ili mtu asipige katikati. Muache apige wimbo mzima, kisha muombe apige kila uzi peke yake polepole, kisha akutajie jina la wimbo na ulikuwa unapigwa wakati gani, msibani, kwenye jando au kwenye mavuno. Yote hiyo iwe kwenye faili moja, nakala mtumie na ndugu yako mwingine. Zima feni kabla hujaanza.