Chupa ina mwenyewe, kifuniko hakina

Swali lenu la wiki hii: "Ukikuta takataka kwenye njia ya matembezi, unaokota au unapita?"

Naokota, ila sianzi na chupa. Sisi wa Dar es Salaam tunaopandia Gongo la Mboto kwenda kutembea msitu wa Pugu, mkono hukimbilia chupa ya maji kwanza kwa sababu ni kubwa na mfuko unajaa haraka. Halafu picha, halafu nyumbani. Lakini chupa ina mwenyewe. Ikishafika barabarani hailali hapo. Waokota makopo wataipitia wakaiuze kwa kilo. Kifuniko chake je? Karatasi ya pipi, mrija wa juisi, kifuko cha ubuyu, kipisi cha sigara? Hivyo havina mnunuzi, kwa hiyo kama siku hiyo nina mkono mmoja tu wa kuokotea, naanza na hivyo.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kusema kweli njiani imepungua sana. Vifuko vyepesi vya kuangaza, vile vya karanga na ubuyu, bado vimejaa. Na plastiki haina haraka. Baada ya masika niliona kiroba cha pombe kali kimechomoza kwenye udongo kando ya njia, kona moja imekunjwa ndani ya mizizi, rangi imefifia lakini maandishi yanasomeka. Viroba vilikatazwa Machi 1, 2017! Aliyekitupa huenda ameshaacha hata pombe.

Mtu ataniambia kifuniko kimoja kitamdhuru nani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi hivi vya Pugu, unakatiza mjini, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mvua ikishakisomba kifuniko kutoka kwenye mteremko hadi kwenye kijito, kina safari. Watu wa Jangwani wanayajua mafuriko na takataka zinazokuja nayo. Wanaletewa na sisi wa juu. Na kopo lililobaki msituni likikinga maji ya mvua ni nyumba ya mbu, wakiwemo wale wanaouma mchana na kuleta homa ya dengi.

Vifaa vyangu si vya kutisha: mfuko wa salfeti, glavu nene na fimbo. Fimbo ndiyo muhimu. Usiingize mkono kwenye majani makavu kufuata karatasi, geuza kwanza kwa fimbo, maana nyoka naye anapenda pale pale, na vipande vya chupa havipigi kelele. Naokota wakati wa kurudi tu, ili kwenda niende nikitazama miti na ndege kama watu wengine. Tukifika chini, chupa namkabidhi kijana wa makopo na hivyo vidogo vinaingia kwenye taka za nyumbani. Gari la taka likishapita vinarudi Pugu, safari hii dampo la Kinyamwezi. Ndiyo, najua.

Wapo wanaosema tunawadekeza watupaji. Labda. Ila anayetupa hayupo pale kuona kwamba nimeokota, na kifuniko hakingoji tumalize kumfundisha adabu. Wengine wanadai yawekwe mapipa ndani kabisa ya msitu. Hapo sikubaliani nao: pipa lisilozolewa hupinduliwa na kima, na kilichokuwa rundo moja kinakuwa uchafu wa njia nzima. Ulichoingia nacho mkobani kikiwa kimejaa, unashindwaje kutoka nacho kikiwa kitupu?

Dereva wa bodaboda aliniuliza, "Dada, hii kazi wanakulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia bure. Akacheka, akaniteremsha, akaokota kopo lililokuwa karibu na gurudumu lake na kulitia kwenye salfeti langu. Nauli hakupunguza.

Kitu kimoja siokoti: pampasi. Nikiikuta naenda kumweleza askari wa getini, naye huniangalia kama vile ni ya mwanangu.