Maswali ya Wasomaji: Stika na Vanishi Kwenye Baiskeli ya Zamani

SWALI: Ndugu mhariri, nilipulizia rangi nyeusi ya mafuta kwenye fremu ya baiskeli ya zamani, nikaiacha ilale usiku mmoja. Kesho yake nikabandika stika za kuloweka majini, na jioni hiyohiyo, baada ya mvua kukatika, nikapulizia vanishi isiyo na rangi. Kulipokucha nilikuta herufi zimejikunja, pembeni mwake kuna mng'ao kama wa fedha, na paipu ya juu imetanda ukungu mweupe. Je, kosa ni la stika, la vanishi au langu? Na je, ni lazima nichune rangi yote na kuanza upya?

JIBU: Ndugu msomaji, hizo ni hitilafu tatu zenye vyanzo vitatu tofauti, na nzuri zaidi kati yake ni ile inayotisha kuliko zote kwa macho, yaani ukungu. Thina iliyomo kwenye vanishi inaporuka kwa kasi hupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo baada ya mvua, matone madogo ya maji hunaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Subiri siku kavu yenye joto la wastani, upulizie tabaka jepesi sana la vanishi ileile. Thina yake italainisha tabaka la chini na kuyaachia maji nafasi ya kutoka, na mara nyingi ukungu huondoka wote.

Mng'ao wa fedha ni hewa iliyobaki chini ya stika. Stika ya maji ni utando mwembamba mno, na ukiubandika juu ya rangi iliyokwaruzwa kwa msasa mkavu au iliyofubaa, hauwezi kuingia kwenye mabonde yote madogo ya uso huo. Kabla ya vanishi ungeweza kutoboa sehemu hizo kwa ncha ya sindano na kudondoshea maji, kisha ukakandamiza kwa kitambaa laini. Sasa vanishi imekwisha kuzifungia, na mimi nisingejisumbua nazo, kwa kuwa stika zenyewe zitaondoka kwa sababu ya hitilafu ya tatu.

Kujikunja ndiko kosa kubwa, na chanzo chake ni haraka. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza. Chini ya ngozi hiyo hubaki laini kwa siku nyingi, kwa sababu hugandishwa na hewa inayopenya polepole. Vanishi nyingi za kopo zina thina kali, nayo ikikuta rangi changa hupenya, ikaivimbisha na kuikunja pamoja na kila kilicho juu yake. Ndiyo maana makopo mengi ya rangi ya aina hii huandikwa kwamba tabaka linalofuata lipigwe ama ndani ya saa chache za mwanzo, ama baada ya siku moja au zaidi, na kwamba kipindi cha katikati ni cha hatari. Maandishi hayo husomwa na wachache, nadhani kwa sababu yamechapishwa kwa herufi ndogo kuliko jina la rangi.

Si lazima uchune fremu nzima. Acha vanishi ikomae, kisha sugua sehemu zilizojikunja kwa msasa namba 600 pamoja na maji mpaka uso uwe sawa, upige rangi upya paipu hizo tu, na safari hii uziache wiki nzima au zaidi. Ukiweza kukandamiza ukucha mahali pasipoonekana, chini ya tandiko kwa mfano, na alama ikabaki, rangi bado ni changa. Ikishakuwa ngumu, futa mafuta ya mikono kwa spiriti na ubandike stika mpya juu ya uso unaong'aa. Maji yawe ya uvuguvugu, stika ilowe mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi bila kuvutwa, na maji yasukumwe kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi iliyomwagika nje ya stika ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwani ikikauka huacha waa ambalo vanishi hulidhihirisha badala ya kulificha.

Iache stika ikauke siku nzima. Tabaka mbili za kwanza za vanishi ziwe kama vumbi tu, zikipulizwa kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, na kati yake zipite dakika 10 au 15. Tabaka hizo hazipendezi, ni kavu na zenye chembechembe, lakini kazi yake si kupendeza. Zinatengeneza ngao inayozuia thina ya tabaka nzito zinazofuata isiifikie stika. Kabla ya yote, jaribu vanishi hiyo kwenye kipande cha bati ulichokipiga rangi ileile, pamoja na ukingo wa stika usiouhitaji.

SWALI: Nimeshauriwa kutumia vanishi ya magari inayochanganywa na kigandishi, kwamba ndiyo pekee inayodumu. Je, inafaa kupulizwa nyumbani?

JIBU: Kwa kudumu, ni kweli: ikishagandishwa haiyeyuki kwa petroli wala kwa mafuta ya kusafishia mnyororo, ilhali vanishi ya kawaida ya kopo hulainika ikiguswa na petroli. Lakini kigandishi chake huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mpulizaji pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kinga inayokubalika ni kofia ya kupumulia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Asiye nayo ampelekee fremu fundi wa kupulizia magari baada ya kubandika stika mwenyewe. Baiskeli haina thamani ya mapafu. Mwelezee fundi huyo kwamba chini kuna stika, ili naye aanze kwa tabaka nyepesi.

SWALI: Fremu yangu imepakwa rangi ya unga inayookwa. Je, naweza kubandika stika za plastiki kisha ikaokwa tena kwa unga usio na rangi?

JIBU: Hapana. Rangi hiyo huiva kwenye joto la takribani nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na stika ya kawaida ya plastiki itasinyaa au kuungua. Bandika stika juu ya rangi iliyokwisha kuokwa na kupoa, kisha tumia vanishi ya kupuliza, baada ya kuukwaruza uso kidogo kwa msasa laini sana wa maji ili vanishi ishike.

SWALI: Nitajuaje mahali stika za awali zilipokuwa, nami nimekwisha kuchuna rangi yote?

JIBU: Tafuta picha za baiskeli ya mwaka uleule. Ikiwa ya kwako ina gia za Sturmey-Archer, tazama ganda la kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa kuwa kwenye vitovu vingi vya kampuni hiyo mwaka wa kutengenezwa ulipigwa muhuri. Gurudumu linaweza kuwa limebadilishwa, kwa hiyo ulinganishe pia na namba ya fremu. Mahali pakishajulikana, nyoosha uzi katikati ya ubavu wa paipu ya chini kutoka shingo hadi kwenye pedali, uweke utepe wa karatasi kando yake, na stika ifuate utepe. Usitegemee jicho peke yake, kwani paipu ya mviringo hudanganya. Herufi zikisimama wima, upande wa mnyororo jina husomwa likipanda kuelekea shingoni, na upande wa pili likishuka kutoka shingoni. Ukipanga stika zote mbili mezani kabla ya kuloweka hutaligeuza jina kichwa chini. Nembo ya chuma ya shingoni irudishwe mwisho kabisa, vanishi ikiwa imekomaa, na vibano vya nyaya za breki visifungwe juu ya vanishi kabla ya wiki moja au mbili kupita.