Ubani, manemane, udi: je, ni miti ya familia moja?

SWALI: Nauza uvumba sokoni Voi. Ubani, manemane, udi na sandarusi vyote naviweka meza moja, na mteja mmoja ameniambia vyote hutoka kwenye miti ya familia moja. Ni kweli? Halafu nyumbani tuna uzio wa miti ambayo gome lake hubanduka kama karatasi, na ukiikwaruza hutoa utomvu unaonukia kama manemane. Naweza kugema ubani hapo?

JIBU: Mteja wako amepata nusu. Ubani na manemane ni ndugu kweli. Udi na sandarusi wamekutana nao kwenye chetezo tu.

Nianze na wageni. Udi hutoka kwenye miti ya Aquilaria ya kusini-mashariki mwa Asia, na mti mzima usio na jeraha hauna hiyo harufu unayoiuza. Ni mpaka uumie na kuvu waingie, ndipo mti hujaza utomvu mzito kwenye mbao zake kujilinda. Familia yake iko mbali kabisa na ya ubani. Sandarusi nayo ni ya msandarusi wetu wa pwani, Hymenaea verrucosa, mti wa jamii ya kunde na binamu wa mkwaju. Karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini kule Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ikapitia Unguja kwenda kutengenezewa vanishi ng'ambo.

Ubani (Boswellia) na manemane (Commiphora) wako katika familia ya Burseraceae, yenye spishi zaidi ya 600. Jina hilo linatokana na jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Amerika, Bursera, iliyoitwa hivyo kumkumbuka Joachim Burser, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1639. Wasomali, Waethiopia na watu wa Dhofar, Omani, walikuwa wamegema ubani maelfu ya miaka, lakini familia ikaishia na jina la Mjerumani kupitia mti wa Amerika. Kanuni za majina haziangalii nani alitangulia kufukiza.

Harufu haitoshi kuweka mti kwenye familia. Tunachotazama kwanza ni mifereji midogo ya utomvu ndani ya gome, halafu majani, ambayo kwa kawaida huwa na vijani jozi jozi na kimoja peke yake nchani. Lakini kwa mifereji mwembe na mkorosho nao hupita mtihani, ingawa majani yao hayana vijani! Wana mifereji ile ile, na ukinusa utomvu wa embe bichi utaelewa kwa nini: familia yao, Anacardiaceae, ndiyo jirani wa karibu kabisa wa familia ya ubani. Kuzitenganisha familia hizo mbili kunataka wembe na lenzi. Kata ovari ya ua, yaani sehemu inayokuja kuwa tunda: kwa ukoo wa ubani kila chumba kina vijiyai viwili, kwa ukoo wa mwembe kimoja. Asiye na lenzi aangalie ngozi na nguo zake, kwani utomvu wa mkorosho huunguza na kuacha doa jeusi, ilhali utomvu wa ukoo wa ubani kwa kawaida hauna ukali huo.

Ndani ya familia yenyewe kuna jambo lililotushangaza hata sisi. Zamani Boswellia na Commiphora ziliwekwa kundi moja kwa sababu matunda yao yakikauka hupasuka, na miti yenye matunda ya nyama ikawekwa kando. Vipimo vya DNA vimevuruga mpango huo. Ndugu wa damu wa manemane ni ile Bursera ya Amerika, ng'ambo ya bahari, na mti wa ubani umesogea upande wa Canarium, mmoja wa hiyo miti ya matunda ya nyama. Huyo Canarium unaweza kuwa umemla: Waganda huita matunda yake empafu, huyaloweka kwenye maji ya moto yakalainika, wakala na chumvi.

Sasa uzio wako. Gome la karatasi lisikudanganye, maana Boswellia kadhaa nazo hubanduka hivyo. Lakini miti ya uzio inayoota kutokana na fito zilizochomekwa tu, huko kwenu nyika ya Tsavo, karibu kila mara ni Commiphora. Thibitisha kwa tunda. La Commiphora hupasuka vipande viwili na kuonyesha kokwa moja lililovikwa nyama nyekundu, ambayo ndege huifuata. La Boswellia lina makokwa matatu au zaidi, makavu. Tena Commiphora nyingi zina matawi yaliyochongoka kuwa miiba. Boswellia haina mwiba.

Kwa hiyo ubani hutapata hapo, na manemane pia usiitangaze. Commiphora zinakaribia spishi 200, na manemane halisi ya biashara ni ya Commiphora myrrha, ya kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Nyingine hutoa utomvu unaofanana kwa macho, kisha ukiutia kwenye makaa unatoa moshi tu. Ukitaka ubani wa Kenya, uagize Wajir, Isiolo au Marsabit, ambako wafugaji huokota utomvu wa Boswellia neglecta uliojitokeza wenyewe kwenye gome.

Kama wataka jina kamili la mti wako, utahitaji subira. Commiphora nyingi huchanua kabla ya kutoa majani, kwa hiyo tawi moja la siku moja halitoshi. Funga kitambaa kwenye mti mmoja, chuma tawi lenye maua, kausha katikati ya magazeti, kisha rudi mvua ikishakolea uchume lenye majani na matunda kutoka mti ule ule. Yapeleke kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na ukiona mti uliofunga kitambaa hauzai kamwe, usiulaumu: Commiphora nyingi zina mti dume na mti jike, na huenda umechagua dume.